Lisbon kwa miguu na watoto waliokwisha kuwa watu wazima

Kutoka: Mama wa watatu, Leicester

Assalamu alaikum, na shikamooni wakubwa. Mwezi wa nne tunakwenda Lisbon, mimi na wanangu. Mkubwa ana miaka 29, kitinda mimba 21. Mara ya mwisho tuliposafiri pamoja niliwashika mikono. Sasa kila mmoja ana pesa yake na maoni yake, na mimi nina goti. Nataka kuuona mji wa kale kwa miguu, si kwa basi la watalii. Nianzie wapi, na hawa nitawawezaje?

Kutoka: Mjomba, Rotterdam

Waalaikum salaam, dada. Tuanze na karatasi, maana hapo ndipo wengi hukwama. Kama bado unatumia pasipoti ya Tanzania, kibali chako cha kuishi Uingereza hakikuingizi Ureno. Unahitaji viza ya Schengen, hata kama wanao wenye pasipoti za Uingereza watapita bila viza. Miadi huwa ya shida karibu na Pasaka, usingoje.

Sasa watoto. Sisi tulipokwenda huko tuliwekeana sharti moja: saa saba mchana wote mezani, mahali tulipokubaliana asubuhi. Kabla na baada ya hapo, wa kulala alale, wa maduka aende. Halafu kila kijana alipewa nusu siku yake ya kuongoza, na anayefuata haruhusiwi kulalamikia njia. Aliyeona taabu kuifuata sheria hiyo ni mimi.

Binti yangu, anayesomea ujenzi, alichagua Baixa, mtaa wa bondeni katikati ya mji. Ningekuwa peke yangu ningeipita tu kwenda mtoni. Yeye akatueleza kwa nini mitaa imenyooka vile: tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko liliupiga mji watu wakiwa makanisani, likafuatwa na moto na mawimbi ya bahari. Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, akasimamia ujenzi mpya, na ndani ya kuta mafundi wakaficha fremu za mbao ili nyumba ziyumbe bila kuanguka. Kisha akatupandisha Carmo, kanisa lililobaki bila paa tangu siku ile. Kaka yake, ambaye makanisa hayamhusu, alikaa pale kuliko sisi sote.

Kuhusu goti: Rua dos Fanqueiros kuna lifti ya umma, bure, ndani ya jengo ambalo usingelidhania. Ukitoka juu unatembea kidogo, unaingia lifti ya pili kwenye maegesho ya magari ya Chão do Loureiro, na hapo ngome ya São Jorge haiko mbali. Panda kwa lifti, teremka kwa miguu kupitia Alfama, mtaa wa kale chini ya ngome.

Lakini nusu siku ambayo Mswahili asiikose ni nyingine. Tokeni Chiado kuelekea magharibi, mpite Rua do Poço dos Negros. Mwaka 1515 mfalme Manuel wa Kwanza aliagiza lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, na mtaa huo unabeba kumbukumbu yake. Endeleeni mpaka Rua das Janelas Verdes, kwenye Museu Nacional de Arte Antiga. Humo mna chombo cha ibada cha Kikatoliki, cha dhahabu, kinaitwa Custódia de Belém. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na meli zake na kumlazimisha mtawala wake alipe kodi ya utii. Dhahabu ikafika Lisbon mwaka uliofuata, mfalme akaagiza kitengenezwe chombo hicho, kikakamilika 1506. Maandishi yaliyozunguka kitako chake yanaitaja Kilwa waziwazi. Na mwaka mmoja tu kabla hakijakamilika, meli za Francisco de Almeida, kamanda wa Kireno, zilikuwa zimeiteka Kilwa yenyewe na kuichoma Mombasa.

Vijana wetu walibishana mbele ya kile kioo mpaka mlinzi akasogea. Mmoja anasema kirudishwe. Mwingine anauliza, kirudishwe kwa nani? Kilwa Kisiwani, Dodoma, au kanisani? Hatukumaliza hata wakati wa chakula cha usiku.

Kutoka: Shangazi, Almada

Mjomba kasema vizuri, ila kuteremka ndiko kunakoumiza goti! Alfama ni ngazi tupu. Basi namba 737 linapanda ngomeni kutoka Praça da Figueira na linarudi. Wewe rudi nalo, vijana wateremke wenyewe. Na viatu viwe vya soli ya mpira. Yale mawe meupe ya njiani, mvua ikinyesha, yanateleza vibaya.

Jumatatu makumbusho mengi hufungwa, na majengo ya zamani hufungwa pia kwa ukarabati, kwa hiyo hakikisheni kabla hamjatoka. Mkienda Belém, kitongoji cha magharibi mwa mji, kaburi la Vasco da Gama limo ndani ya kanisa la Jerónimos, karibu na mlango. Tramu namba 28 ni nzuri kwa picha, na wezi wa mifukoni wanaipenda pia. Mimi siipandi.

Mgahawani mtaletewa mikate, zeituni na jibini ambavyo hamkuagiza. Si takrima hiyo, inalipiwa. Kama hamtaki, sema irudishwe. Chakula cha halali kipo tele mtaa wa Mouraria, hasa Rua do Benformoso. Sambusa mtaziona kila mahali, wenyewe wanaziita chamuças, lakini ulizeni nyama ni ya nini.

Pesa: wanaofanya kazi wachangie kapu moja la chakula na nauli tangu siku ya kwanza. Usikubali kulipa kila kitu kwa sababu tu wewe ni mama.

Kutoka: Mama wa watatu, Leicester

Asanteni sana. Mkubwa ameshachukua siku ya Kilwa, na wa kati anataka ngome. Kitinda mimba kachagua Belém kwa ajili ya vitobosha vyao vya mayai na maziwa, sina la kusema. Habari ya kapu nimeituma kwenye kundi letu la familia jana usiku; wameisoma wote, hajajibu mtu. Shangazi, huko Benformoso kupika wanaanza saa ngapi?