Majirani wa Avenyu Yetu, Kadutu

Papa Cito 21:12
Majirani, habari za usiku. Nsimire wangu, yule wa miaka 15, amelala tangu mchana. Homa, kichwa, ametapika mara tatu. Jioni wamempima kituoni, palu (malaria) imetoka. Amekunywa dawa lakini naona hapati nafuu. Kuna mwenye paracetamol? Yangu imekwisha.

Mama Aganze 21:14
Ninayo, Aganze analeta. Papa Cito, mtoto anaongea vizuri?

Papa Cito 21:16
Anajibu, ila kwa hasira. Amejifunika shuka usoni, anasema nizime taa.

Mama Aganze 21:16
Mguse miguu.

Papa Cito 21:19
Baridi. Kichwa kinachoma, miguu kama ametoka ziwani sasa hivi.

Mama Aganze 21:20
Usingoje asubuhi. Tafuteni gari. Mnivumilie, naandika ndefu.

Papa Byamungu 21:21
Niko upande wa mtaa wa Essence, nageuza. Njia ya kwenu ina matope, mshusheni mpaka barabarani.

Mama Aganze 21:29
Aganze alikuwa na miaka 16, finalisti, mwaka wa mwisho wa shule, anaishi enternati, bwenini. Akaja nyumbani Jumamosi na homa. Tukapima, palu. Nani hapa Bukavu hajaugua palu? Tukampa dawa. Jumapili akasema miguu inamuuma, nikamwambia ni mpira. Jioni akaniuliza kama bibi yake ameshakula. Bibi yake tulimzika miaka miwili kabla. Watu wakasema mtoto ameingiliwa, tukampeleka chumba cha maombi, tukakaa masaa manne pale. Masaa manne! Mimi ni mtu wa sala na sitaacha. Lakini siku ile nilipaswa kusali nikiwa ndani ya gari.
Hospitali walimkunja shingo, ikakunjika. Nikashukuru Mungu, nikajua si meninjiti, ule ugonjwa wa uti wa mgongo unaokaza shingo. Ilikuwa meninjiti. Shingo ilikaza asubuhi yake, wakati ameshapoteza fahamu. Kwa hiyo yeyote atakayekuambia "shingo yake iko sawa, laleni", usimsikilize.
Kipimo cha palu hakikudanganya, alikuwa nayo kweli. Alikuwa na vyote viwili.

Papa Cito 21:31
Sasa hivi ananiita kwa jina la kaka yake. Tunatoka.

Mama Bahati 21:33
Mungu awatangulie. Ila Papa Cito, wakitaka kumtoboa mgongo kataa. Ponksio ndiyo iliyomuua mtoto wa dada yangu. Nasema nilichoona kwa macho yangu.

Dada Furaha (muuguzi) 21:41
Mama Bahati, pole sana, na sikukatalii ulichoona. Ila mtoto anayefikishwa kwenye ponksio mara nyingi ameshazidiwa. Watu wanaona sindano, halafu wanaona kifo, wanaviunganisha. Kilichoua ni ugonjwa uliocheleweshwa.
Sindano inaingia chini kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umeshaishia juu, kwa hiyo haimpoozeshi mtu. Kichwa kinaweza kuuma siku chache. Wanachukua matone tu ya maji yanayozunguka uti. Maji ya mtu mwenye afya ni maangavu kama ya chemchemi. Yakitoka na ukungu kama maji ya mchele, wanajua wanapigana na nini. Na daktari akiona hali ni mbaya anaanza seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, hata kabla ya jibu. Papa Cito, ukifika usiseme "ana palu" ukanyamaza. Sema: miguu baridi, mwanga unamuuma, ameanza kuchanganyikiwa. Sema tangu saa ngapi.

Mama Aganze 21:43
Baba Aganze alikataa kutia sahihi mpaka usiku wa manane. Bado hajajisamehe.

Dada Furaha (muuguzi) 21:46
Mkiwa garini washeni tochi ya simu, mtazameni ngozi. Nyayo, viganja, ndani ya kope, paa la kinywa. Kwenye ngozi yetu madoa hujificha, huko ndiko huonekana. Ukiona vidoa vyekundu au vya zambarau, bonyeza kwa gilasi. Visipofifia chini ya gilasi, mwambie daktari mlangoni kabisa. Visipokuwepo, endeleeni mbio vilevile, maana wengi hawavipati.

Papa Byamungu 21:52
Wamo garini. Hakuna madoa tuliyoyaona.

Shangazi Esther (Louisville) 22:05
Nimesoma yote, moyo unapiga. Huku Marekani watoto wangu walichanjwa chanjo ya meninjiti, ACWY, ya kwanza miaka 11 au 12, ya pili 16. Niliuliza kwa nini vijana. Wakaniambia mdudu anakaa kooni mwa watu wenye afya, kama mmoja kati ya kumi, na kwa vijana ni zaidi. Mabweni, kunywea kikombe kimoja, kubusiana.

Mama Aganze 22:07
Enternati ya Aganze walikuwa na kikombe kimoja cha plastiki kwenye ndoo. Wavulana ishirini na mbili.

Dada Furaha (muuguzi) 22:12
Hapa chanjo hiyo ya vijana haimo kwenye ratiba ya kawaida. Vichanga wanapata pentavala (chanjo tano ndani ya moja) na ile ya mdudu aitwaye pneumokoke, zinazuia meninjiti za aina nyingine, msizikose. Na tusiseme huu ni ugonjwa wa mbali. Banalia, kule Tshopo, mlipuko wa meninjiti ulipotangazwa Septemba 2021 walikuwa wameshahesabu wagonjwa 261 walioshukiwa na vifo 129. Karibu nusu. Bila dawa ndivyo unavyokwenda, na mtu anaweza kufa ndani ya saa 24. Dawa ikifika mapema wengi wanapona.

Mama Bahati 22:20
Dada Furaha, mtoto wa dada yangu alikaa siku tatu nyumbani. Tulikuwa tunamkanda kwa maji. Sikuwahi kulisema hili.

Dada Furaha (muuguzi) 22:21
Mama Bahati, kesho nitapita kwako.

Papa Cito 23:48
Wamempokea. Sindano ya kwanza imeingia, serumu inatiririka. Ponksio nimekubali, nimemshika mabega mwenyewe. Maji yametoka na ukungu. Yamepelekwa laboratwari. Daktari anauliza nani analala naye.

Mama Cito 23:50
Wadogo zake wawili, kitanda kimoja. Nifanye nini na hawa?

Dada Furaha (muuguzi) 23:55
Wakikuta ni meningokoke, yule mdudu wa kooni, daktari atawapa wao na ninyi wazazi dawa ya kinga, nyumba nzima. Usinunue mwenyewe famasi, ngoja neno lake. Avenyu yote haihitaji, waliomsalimia tu njiani wakae na amani. Ila siku kumi hizi, yeyote wa karibu akipata homa, hospitali saa ileile.

Mama Aganze 00:03
Na akipona, ombeni apimwe masikio. Sisi hatukuambiwa. Mwalimu ndiye aliyegundua kwamba Aganze anageuza kichwa kila anapoitwa. La kushoto halisikii tena. Sasa anakaa upande wa ukutani, sikio la kulia kwa mwalimu.

Papa Cito 06:37
Amefumbua macho. Amenitaja mimi, safari hii jina langu. Kisha amelala tena. Homa bado ipo.

Mama Aganze 06:39
Nimetoka na uji. Niingilie mlango gani?

Papa Cito 06:40
Wa nyuma, penye bomba. Njoo na shuka pia, mama, hili limelowa.