Naomba ushauri: uso wa mviringo, nisuke mtindo gani?

Yaya zangu na wadogo zangu wa Lubumbashi, naombeni mawazo. Uso wangu ni wa mviringo kabisa: upana na urefu karibu sawa, mashavu yamejaa, kidevu kifupi. Mwisho wa mwezi mdogo wangu anaolewa, na mimi ndiye msimamizi wake, yaani kila picha nimo.

Msusi wangu wa Katuba anataka kunisuka rasta za kuishia kidevuni, zigawanywe katikati. Bei yake nzuri, sikatai. Lakini nikivaa wigi la urefu huo mbele ya kioo, mashavu ndiyo yanaonekana kwanza. Nikipandisha nywele utosini, nikagawa pembeni na kuacha chache zishuke karibu na masikio, uso unarefuka hapo hapo.

Nimebaki na mitindo miwili: rasta ndefu za kupita mabega, au mistari ya kupanda juu iishie kwenye fundo. Fundo nalipenda sana (shingo ninayo, kwa hiyo sina malalamiko). Shida ni nywele za kando ya paji la uso: zimeanza kupungua, na kuzivuta kwa nguvu kutazidi kuzing'oa. Kuna namna ya kusuka mistari hiyo bila kukaza hapo mbele, na bado ikakaa siku yote ya harusi? Na wenye uso kama wangu, fundo mnaliweka juu kabisa au nyuma kidogo?