Kwa nini kampuni inakataa hata kusoma wazo la kuboresha mashine yake? (visu vya kubangulia korosho)

Kibanguo_Mtama:

Wakuu, salaam. Naomba wenye uelewa wa sheria na wa mashine wanisaidie.

Zile mashine za mezani za kubangulia korosho, za kukanyaga kwa mguu na kuvuta kwa mkono, mnazijua. Vikundi vingi kuanzia Mtama mpaka Newala vinazitumia. Udhaifu wake nao unajulikana: visu viwili vina umbo moja tu, wakati korosho yetu inakuja mchanganyiko. Ndogo inazama, kisu kinapita mpaka kwenye kiini. Kubwa inabanwa upande mmoja, ganda halipasuki sawasawa, mbanguaji anaongeza nguvu na kiini kinatoka vipande. Na kila anayeuza anajua kwamba nzima na vipande si bei moja.

[Aya imeondolewa kwa ombi la mwandishi. – Msimamizi]

Maelezo hayo pamoja na michoro, kurasa nne, nimeyatuma kwa kampuni ya nje inayotengeneza mashine hizo. Sikudai hata senti. Jibu ni mistari mitatu: hatupokei mapendekezo ambayo hatukuyaomba, barua yako haikufikishwa kwa wahandisi wetu, tunakurudishia michoro yako. Yaani wamelipia posta ili kurudisha kitu cha bure!

Hiki ni kiburi, au kuna sheria inayowakataza kusoma? Mwakani wakitoa kitu kile kile nitakuwa na haki gani? Na nikitaka kuwaendea wenye viwanda vya hapa Mtwara, naanzaje ili yasijirudie?

Hataza255:

Mkuu, kwanza mwombe msimamizi aiondoe aya ya tatu sasa hivi. Umeeleza namna visu vinavyojirekebisha mpaka upande wa springi. Uvumbuzi ukiwekwa hadharani kabla ya kuombewa hataza (haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine kutengeneza alichovumbua), sifa yake ya kuwa mpya inaingia mashakani, na hapa ni hadharani kama sokoni Chikongola. Marekani wanampa mvumbuzi mwaka mmoja tangu alipoutangaza mwenyewe; Ulaya msamaha wa namna hiyo karibu haupo. Usipange mambo yako kwa kutegemea misamaha.

Sasa swali lako. Hakuna sheria inayowakataza kusoma. Wanachokiogopa ni madai yanayoweza kuja baada ya kusoma.

Chukulia mhandisi wao ana mchoro wa kisu kinachorekebishika tangu mwaka juzi. Barua yako ikitua mezani kwake leo na mashine ikatoka mwakani, wewe utasema kwa moyo safi kabisa kwamba wamekuibia. Hapo wao ndio watakaohangaika kuonyesha, kwa daftari za kazi, tarehe za michoro na barua pepe, kwamba walifika hapo kwa miguu yao. Hata wakishinda, wameshalipa mawakili. Kwa hiyo wanajenga ukuta: barua inafunguliwa na karani au mtu wa idara ya sheria, akiona ni wazo anaacha kusoma, anaandika tarehe kwenye rejista na kuirudisha. Mhandisi haioni. Rejista hiyo ndiyo kinga yao.

Hawako peke yao. Apple wana sera iliyotangazwa wazi: usitutumie wazo, na ukituma, linakuwa letu bila malipo na bila ahadi ya kulitunza kama siri. LEGO, wale wa matofali ya kuchezea watoto, wamefungua mlango mmoja tu wenye masharti: mtu anaweka modeli yake kwenye jukwaa lao, ikipata waungaji mkono 10,000 inafanyiwa tathmini, na ikiingia sokoni mbunifu anapata asilimia 1 ya mauzo halisi. Ukipita nje ya mlango huo, nao wanakurudisha.

Tofautisha pia malalamiko na pendekezo. Ungeandika "visu vyenu vinavunja korosho ndogo", barua ingeenda moja kwa moja kwa mafundi, kwa sababu hiyo ni taarifa ya kasoro na haina mmiliki. Ulipoongeza "nami nina dawa yake, tazama mchoro", ukaipeleka kwa wanasheria.

Kuhusu haki zako: wazo tupu halina hatimiliki. Sheria ya Hakimiliki, Sura ya 218, inalinda maandishi na mchoro wako visinakiliwe, lakini hailindi namna kisu kinavyofanya kazi. Hiyo ni kazi ya hataza, Sheria ya Hataza, Sura ya 217. Nje ya hataza imebaki njia ya mkataba na njia ya siri. Ya siri inaelezwa vizuri na kesi ya Uingereza ya 1968, Coco dhidi ya A N Clark, iliyohusu injini ya pikipiki ndogo. Jaji aliweka mambo matatu: habari yenyewe iwe kweli ya siri, iwe imetolewa katika mazingira ambayo mpokeaji anajua anapaswa kuitunza, na iwe imetumika bila ruhusa. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi huo, ila unasomwa sana. Barua yako inakwama kwenye jambo la pili. Hukualikwa, hamkuahidiana kitu, na mpokeaji amesema hataki. Na huyo Coco, aliyekuwa na mazungumzo marefu na kampuni, bado hakupata zuio alilokuwa akiomba.

Mdau_Nanyamba:

Sheria ni kisingizio tu. Kampuni kubwa zinasoma, zinachukua, kisha zinakwambia hatujasoma. Kule Afrika Kusini si yule kijana wa "Please Call Me" aliwashinda Vodacom? Kwa nini mnamvunja moyo mwenzetu?

Hataza255:

Ndugu, kesi hiyo ukiisoma yote utaona ndiyo inayowapa kampuni woga huo. Nkosana Makate alikuwa mwajiriwa wa Vodacom, si mtu wa nje. Mwaka 2000 alimpelekea mkuu wa uendelezaji wa bidhaa wazo la mtu asiye na salio kumwomba mwenzake ampigie. Mkuu huyo akakubali kwa mdomo kwamba likifanikiwa atalipwa, kiasi kikija kujadiliwa baadaye. Huduma ikazinduliwa 2001. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ikasema makubaliano yale yanaifunga kampuni, kisha mvutano wa kiasi gani alipwe ukaendelea miaka mingi. Makate hakushinda kwa sababu wazo lilikuwa lake. Alishinda kwa sababu mtu mwenye cheo alisikiliza na akasema ndiyo.

Marekani kuna jingine la aina hiyo. Watu wawili wa Michigan walikuwa na mhusika wao wa katuni, mbwa mdogo wa Chihuahua. Wawakilishi wa kampuni ya migahawa ya Taco Bell wakawaona kwenye maonesho 1996 na mazungumzo yakaendelea kwa miezi mingi. Baadaye kampuni ikatoka na matangazo ya Chihuahua kupitia wakala mwingine. Hapakuwa na mkataba wa malipo uliosainiwa. Mwaka 2003 baraza la mahakama likawapa dola milioni 30.1, kwa msingi wa mkataba unaosomeka katika mwenendo wa pande mbili.

Mwanasheria wa kampuni akisoma hizo mbili anajifunza jambo moja: usiruhusu mazungumzo yaanze. Kwamba wapo wanaochukua kimyakimya, sibishi. Ila dhidi ya mwizi wa namna hiyo barua ya wazi haikusaidii chochote, hataza inakusaidia.

Fundi_Msijute:

Nije upande wa chuma. Mkuu wa Mtama, kabla hujalipia ada yoyote, hakikisha kitu hiki ni kipya kweli. Ingia Patentscope au Espacenet, hazina za hataza mtandaoni, zote ni bure. Usitafute kwa maneno peke yake, kwa sababu kila nchi inaita kisu jina lake. Tafuta kwa daraja, yaani namba ya aina ya uvumbuzi: A23N 5/00, ndilo la mashine za kupasua na kumenya njugu na korosho, kisha uchuje kwa India, Brazil na Vietnam. Soma michoro kuliko maelezo. Ukikuta kisu cha kurekebisha kwa skrubu na chako kinajirekebisha chenyewe, usikate tamaa: tofauti hiyo ndiyo utakayoidai. Ukikuta cha springi kama chako, umeokoa pesa.

Pia jua utabishana na nini. Viwanda havibangui mchanganyiko. Vinapitisha korosho ghafi kwenye chekecheo la ngoma, zinagawanywa kwa ukubwa, kila ukubwa una meza yake na visu vyake. Kwa hiyo meneja atakuuliza: kwa nini ninunue kisu chako wakati chekecheo ninalo? Kwa kikundi kisicho na chekecheo jibu ni rahisi. Kwa kiwanda, unahitaji namba.

Namba zinapatikana hivi. Chukua gunia moja, uchanganye vizuri, upime makundi mawili ya kilo 10. Yapikwe kwa mvuke pamoja na yaachwe yapoe pamoja mpaka kesho yake. Hapa ndipo wengi wanaharibu: kundi la kwanza linabanguliwa likiwa na joto, la pili limepoa na ganda limekuwa kavu, halafu sifa anapewa kisu. Mbanguaji awe mmoja kwenye mashine zote mbili, na asianze na mashine mpya akiwa na nguvu halafu ya zamani akiwa amechoka. Gawa kilo tano tano, zipishane. Kilo 10 za ghafi zitakupa kilo 2 mpaka 2 na nusu hivi za kiini. Pima nzima, vipande, zisizopasuka, na zilizochafuliwa na mafuta ya ganda. Hiyo ya mwisho watu huisahau, wakati kisu kinachozama kidogo tu kinamwaga mafuta kwenye kiini na rangi inaharibika. Rudia kwa gunia jingine, maana gunia moja halithibitishi kitu.

Matokeo hayo unaweza kumwonyesha yeyote bila kumwonyesha kisu. Ukurasa mmoja: tatizo, namba za kabla na baada, kinafungwa kwenye mashine ipi, kinachukua dakika ngapi kufunga. Juu kabisa andika kwamba ukurasa huu hauna habari ya siri. Ajabu ni kwamba sentensi hiyo ndiyo inayomfanya mwanasheria wa kampuni aruhusu usomwe.

Kibanguo_Mtama:

Nawashukuru sana, aya imeondolewa. Maswali mawili. Nilitaka kukionyesha Nanenane pale Ngongo, nimeambiwa ndiko wenye viwanda wanakopita. Na kuna mtu kanishauri nijitumie michoro kwa posta kwenye bahasha iliyofungwa, au wakili aigonge muhuri, eti inatosha kama hataza.

Hataza255:

Bahasha na muhuri wa wakili vinathibitisha tarehe tu, kwamba siku fulani ulikuwa na karatasi fulani. Havimzuii mtu kutengeneza. Muhuri wa wakili una nafuu, kwa sababu bahasha mtu anaweza kuituma wazi na kuifunga baadaye.

Ngongo nenda baada ya kuwasilisha maombi. Ukilazimika kwenda kabla, peleka mashine ikiwa na kifuniko kilichokazwa kwa boliti na ubandike karatasi ya matokeo. Usiruhusu picha za ndani, na usimwachie "mteja" mashine aijaribu nyumbani.

Maombi yanapelekwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kwa mfumo wao wa mtandaoni, unajiandikisha kwa namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa). Unahitaji maelezo, madai (sentensi zinazotaja hasa unachotaka kilindwe), ikisiri yaani muhtasari, na michoro. Kazi ipo kwenye madai: ukidai "kisu chenye springi ya milimita kadhaa", jirani anaweka mpira badala ya springi na yuko huru. Dai kazi inayofanyika, kisha springi iwe dai la chini yake. Sehemu hiyo mlipe mtu anayeijua, nyingine andika mwenyewe. Sheria hiyo ya Hataza ina pia cheti kwa maboresho madogo yasiyofikia hataza. Huko kinachotazamwa ni upya na kutumika viwandani. Kwa kisu kama chako uliza habari zake mapema.

Na elewa mipaka. Hataza ya BRELA inazuia Tanzania Bara tu. Hiyo kampuni iko nje, ikiuza kwao haikuhusu. Tangu siku ya kuwasilisha BRELA una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine ukidai tarehe ile ile. Njia nafuu kwa nchi kadhaa za Afrika ni maombi mamoja ARIPO, shirika la kanda ya Afrika la miliki ubunifu lililoko Harare, chini ya Itifaki ya Harare. Miezi hiyo 12 ndiyo muda wako wa kutafuta mnunuzi, kwa hiyo usiwasilishe mapema ukiwa hata mfano wa kwanza hujauchonga.

Ile barua ya mistari mitatu usiitupe, pamoja na bahasha yake. Imewapa kinga, lakini pia imekiri kwa maandishi kwamba michoro yako iliwafikia tarehe fulani.

Fundi_Msijute:

Kuchonga mfano, SIDO (shirika la kuendeleza viwanda vidogo) wako Mtwara na Lindi. Ila popote utakapochonga, mpe kila fundi kipande chake na umaliziaji ufanye mwenyewe. Kama umeajiriwa kiwandani na kazi yako ni matengenezo ya mashine, soma mkataba wako kwanza. Uvumbuzi wa ndani ya kazi uliyoajiriwa kuifanya kwa kawaida ni wa mwajiri.

Kibanguo_Mtama:

Sijaajiriwa, nakodisha mashine kwa vikundi. Mwenye kiwanda cha Mtwara akitaka kuona ndani kabla maombi hayajakamilika?

Hataza255:

Mkataba wa usiri, kurasa mbili zinatosha. Utaje ni habari gani, ni kwa ajili ya tathmini tu, kwa muda gani, na uache nje vile anavyovijua tayari au atakavyovipata kwingine, la sivyo hatasaini. Asaini mkurugenzi, si msimamizi wa zamu. Ulipie ushuru wa stempu, maana mkataba usio na stempu una shida kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Akikataa kusaini, mpe ule ukurasa wa Fundi na usubiri namba ya maombi kutoka BRELA.