Khanga ya "Shukrani ya punda ni mateke" kwenye kitambaa cha madhabahu: tuishone au tuikate maneno?

mama_wa_watatu (Tanga)

Shikamooni wakubwa, wengine habari za leo.

Kikundi chetu cha wanawake usharikani tunashona kitambaa cha mbele ya madhabahu kwa ajili ya Pasaka. Hatununui kipya. Kila mama alete khanga moja iliyomchakalia mwilini na hakuwa na moyo wa kuitupa, tukate vipande vya mraba, tuunganishe. Mchungaji alisema somo letu la Kwaresima ni urejesho, mwenyekiti wetu akadakia: basi tusirejeshe kwa mdomo tu, tushone. Tuko 17, cherehani za kukanyaga 2, moja mkanda wake umeungwa kwa kamba ya katani.

Khanga zilizokuja, usiombe. Moja imebeba mgongoni watoto 5 wa nyumba moja. Moja ndiyo aliyofunikwa mama mkwe wa mtu usiku ule kabla sanda haijapatikana. Moja imeungua kona kwa pasi ya mkaa, na mwenyewe anasema kipande chenye alama ya pasi ndicho anachotaka kitumike, sio kingine.

Tumekwama mahali pawili. Kwanza, tulijaribu kuunganisha nyekundu na nyeupe, tulipofua nyeupe ikageuka waridi. Pili, wifi yangu kaleta khanga ya "Shukrani ya punda ni mateke." Wenzake wamekata mji tu, yaani ile sehemu ya katikati, jina (yale maneno) wakaliacha pembeni. Yeye anataka maneno yasomeke. Mzee wa kanisa mmoja kashasema punda na mateke yake hawaingii madhabahuni. Kikundi kimegawanyika, na mkasi nimepewa mimi. Mngefanyaje?

fundi_barabara_ya_12

Nianze na rangi maana hiyo ina jibu. Kila khanga ifuliwe peke yake kabla ya kukatwa, mara 2 au 3, mpaka maji yatoke masafi. Wengine hutia chumvi. Inasaidia kidogo, haiponyi. Halafu jua kitu kimoja: khanga iliyofuliwa miaka 10 haina tena cha kuchuja. Aliyeleta hiyo nyekundu kaleta mpya, mwulizeni vizuri.

Kuchanganya pamba na zile zenye nailoni msithubutu. Pamba inarudi ikifuliwa, nailoni hairudi, kitambaa chote kitakunjamana kama uso wa bibi. Na zile zilizochakaa sana, inua kipande kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona vidole vyako, hicho hakibebi mshono kikiwa peke yake. Chukua marekani, kile kitambaa cha pamba kisicho na maua, kata mraba uleule, kiweke chini yake, shona vyote pamoja.

Hayo ya punda nawaachia wenye dini.

leso_na_majina (Mombasa)

Huku kwetu ni leso, na hilo jina lina kisa chake. Wazee husimulia kuwa wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa vya leso vikiwa bado havijakatwa, wakavishona pamoja, 3 juu na 3 chini, wakapata nguo moja ya kujifunga. Kwa hivyo hiyo kazi yenu ya vipande si mtindo mpya hata kidogo, mwarudi kulekule ilikoanzia.

Na huyo mzee wa kanisa, mwambieni: Jumapili ya Matawi nani alimbeba Bwana kuingia Yerusalemu? Mwaimba na matawi mikononi, kisha punda mwamwogopa kwenye kitambaa!

mwinjilisti_mstaafu

Marahaba, binti yangu. Umeuliza vizuri, ila naona umeuliza nusu.

Hilo la utaratibu ni dogo. Pasaka rangi yake ni nyeupe, kwa hiyo wekeni nyeupe ya kutosha kuzunguka ukingo wote, hapo hata mzee atatulia. Mkikumbuka, Nehemia sura ya 3 ukuta ulijengwa na wafua dhahabu, na watengeneza marhamu, na mtu mmoja pamoja na binti zake. Hawakuwa waashi. Mimi nimeipenda kazi yenu.

Lakini nimekaa vijijini miaka mingi, najua mtu havai khanga ya fumbo bila mlengwa, sembuse kuipeleka kanisani. Wifi yako anataka nani asome? Zakayo alipotembelewa hakushona kitambaa. Alisimama akasema atarudisha mara 4. Kama kuna mtu anadaiwa hapo, hayo maneno mkiyakata bado yatasomeka.

mama_wa_watatu (Tanga)

Baba mwinjilisti, nimesoma jana usiku nikafunga simu. Leo nimerudi.

Mlengwa ni mimi. Mwaka juzi nilikopa 350,000 kwenye kikoba, wifi akanidhamini. Nikaingiza vifaranga vya kuku wa nyama. Mdondo ukapita, ndani ya siku 4 banda likawa kimya. Marejesho yakanishinda, kikoba kikakata hisa zake yeye kufidia. Badala ya kwenda kumwona nikaanza kusema kwa watu kwamba alinisukuma mwenyewe nikope. Nikawa nikimkuta njiani naangalia simu. Jumapili moja akaja kukaa benchi la mbele yangu, khanga imetandazwa mabegani, maneno yananitazama ibada nzima. Sikumbuki mahubiri ya siku ile hata neno.

Na ndiye mimi niliyewaomba wenzangu nishike mkasi. Kwa nini, mnajua sasa.

Leo asubuhi nimemtumia 80,000 kwa simu, ndiyo niliyokuwa nayo. Akajibu neno moja: "Imefika." Mchana nikamfuata kwake na mkasi na khanga yake, nikamwambia wifi, kata wewe, unapotaka. Akaikunja khanga akairudisha kabatini. Akasema zikitimia 270,000 zilizobaki ataikata, na huenda akakata upande wa maua. Chai alinipa, lakini.

Pasaka ni wiki 2 na hela hiyo siipati ndani ya wiki 2. Mraba wake uko safu ya katikati kabisa. Fundi, nijaze na nini?

fundi_barabara_ya_12

Usijaze. Weka marekani tupu, ukubwa uleule, umalizie kazi yote kama kawaida. Siku akileta kipande chake, awe ameacha nusu inchi ya kukunjia pande zote 4, kinashonewa juu kwa mkono bila kufumua chochote.

Na huo mkanda wa katani uleteni dukani, ninao wa ngozi uliotumika, bado mzima.