Naomba ushauri: choku na risasi za shotgani kwa kuwinda kanga

Wakuu, habari za majukumu. Nipo Moshi, namiliki kihalali shotgani geji 12 ya mitutu miwili, na msimu ukifunguliwa huwa nakata kibali cha kuwinda kanga na kwale. Mtutu wa kulia una choku (ule mbano wa mdomo wa mtutu unaobana mtawanyiko) ya nusu, wa kushoto choku kamili, yaani inayobana zaidi. Zote ni za kudumu, hazifunguki.

Nimepima mtawanyiko kwenye karatasi kubwa, duara la sentimita 76 kwa umbali wa mita 36 na ushee, kama inavyopimwa kawaida. Choku kamili inatakiwa iingize humo takriban asilimia 70 ya marisau (zile punje za ndani ya risasi), ya nusu asilimia 60. Nikitumia risasi namba 4 (namba ni ukubwa wa punje) zenye gramu 36 za marisau, mtutu wa kushoto unayarundika katikati, halafu chini kulia panabaki uwazi wa kupitisha kanga mzima. Ndege akiwa pale anaondoka na punje moja au mbili ubavuni, anaenda kufia porini. Hilo linaniuma kuliko kumkosa kabisa.

Kanga wengi nawapata mita 25 hadi 30. Nawaza kuhamia namba 6, gramu 32, maana punje zake ni ndogo na nyingi zaidi, zitaziba mapengo. Ila kanga ana manyoya magumu, nahofia hazitapenya.

Mliotumia namba 5 au 6 kwa kanga, mlionaje? Na je, nimtafute fundi bunduki mwenye leseni, Moshi au Arusha, apanue choku ya kushoto, au nibadili risasi kwanza?