Vifaranga wa perege wanakula lakini hawakui

MamaMingoyo:
Wakuu, naombeni msaada. Nina bwawa la mita 10 kwa 15 hapa Mingoyo, Lindi, nimepandikiza vifaranga 450 wa perege. Miezi miwili imekatika. Jana nimevua kwa chandarua, mkubwa wao ni kama kidole changu cha shahada. Nawapa pumba ya mahindi asubuhi na jioni, na wanaigombania mpaka maji yanaruka. Jirani ananiambia niongeze pumba. Nifanyeje?

Mzee wa Ndanda:
Mama, usiongeze pumba. Bwawa langu la kwanza lilinitesa hivyohivyo. Pumba ina protini asilimia 10 hivi. Kifaranga wa perege anahitaji 35 hadi 40, na yule mdogo kabisa hata zaidi. Anashiba, ndiyo, ila mwili hauna cha kujengea nyama.

Saga dagaa wakavu, protini yao ni kama asilimia 55. Kilo 5 za dagaa kwa kilo 4 za pumba, unapata 35. Lakini wachunguze dagaa wenyewe! Mimi nilinunua walioanikwa chini ufukweni, nikasaga gunia zima. Kumimina kiganja kimoja kwenye bakuli la maji, mchanga ukatulia chini kama wa kufyatulia tofali. Moyo uliniuma, maana vifaranga walikuwa wameshakula ule unga wiki tatu.

MamaMingoyo:
Ahsante baba. Ila dagaa bei imepanda. Mashudu ya ufuta huku yapo, yanafaa?

Mzee wa Ndanda:
Yanafaa sana, yana karibu asilimia 40. Ila ufuta una upungufu wa laisini, kijenzi kimojawapo cha protini, na samaki hawezi kujitengenezea, lazima aipate kwenye chakula. Kwa hiyo punguza dagaa, usiwaondoe. Soya nayo nzuri, lakini uikaange kwanza. Mbichi inazuia protini isimeng'enywe.

Kijana wa Mikindani:
Naongezea: usidhani ukizidisha dagaa watakua zaidi. Protini ya ziada samaki anaichoma kama nguvu tu, halafu anatoa amonia majini, na hiyo ni sumu kwao. Ukiwaona alfajiri wanatweta juu ya maji, siku hiyo usilishe, badilisha maji. Wakifika gramu 50 hivi, anza kushuka taratibu kuelekea kilo 1 ya dagaa kwa 2 za pumba, hiyo ni asilimia 25. Na angalia kama hawajaanza kuzaliana humo.

MamaMingoyo:
Kesho naenda sokoni na bakuli langu la maji.