Santuri za baba zinatoa milio ya kupasukapasuka tangu nihamie Dodoma

Mwana Ngamiani
Habari za jioni wakuu. Nina santuri 63 alizoniachia marehemu baba. Nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, taarabu ya vikundi vya Tanga, Black Star na Lucky Star, na chache kubwa za dansi. Tanga zilikuwa zinapiga vizuri. Mwezi wa nne nimehamia Dodoma kikazi, na tangu kiangazi kishike hazisikiliziki: tap! tap-tap! katikati ya wimbo. Nikiinua santuri, kitambaa cha feliti cha chini yake kinapanda nayo. Juzi nimepigwa na umeme kidoleni niliposhika mkono wa pleya. Nazipangusa kila siku kwa kitambaa laini, vumbi ndiyo kwanza linaongezeka. Sindano ni mpya. Nisaidieni, hizi sitazipata tena popote.

Kaka Mdogo
Dada angalia waya wa ethi kati ya pleya na amplifaya, huenda umechomoka wakati wa kuhama.

Fundi wa Redio
Mwanangu, pole kwa kufiwa na mzee. Waya wa ethi ukichomoka utasikia mvumo usiokoma, si milio ya kupasuka.

Piga santuri moja mara mbili. Mlio ukirudi kwenye neno lilelile, huo ni mkwaruzo au uchafu ulioganda. Mkwaruzo kwenye 45 hurudi kila baada ya sekunde 1.3 hivi, kila sahani inapomaliza mzunguko. Ukihamahama, mara kwenye fidla, mara kwenye ubeti wa pili, ni umeme tuli, yaani ule unaojikusanya juu ya kitu kikisuguliwa. Na kwa hiyo feliti inayong'ang'ania, sina shaka ni umeme tuli.

Tanga unyevu wa bahari ulikuwa unauondoa umeme huo wenyewe. Dodoma wakati huu hewa ni kavu, na plastiki ya santuri ikisuguliwa inajaa umeme na haiuachii. Kitambaa chako ndicho kinachozichaji, zikishachajiwa zinavuta vumbi. Kiache leo hii. Toa na feliti, weka duara la mpira mwembamba.

Halafu zioshe. Usitumie maji ya bomba ya Dodoma, yana chumvi, yakikauka yanaacha ukoko kwenye mistari. Nunua maji safi ya kujazia betri, yale yaliyotoneshwa, na uhakikishe si yale makali yenye asidi. Lita moja, matone mawili ya sabuni ya vyombo, brashi laini, ufuate mistari kwa kuzunguka, lebo isilowe. Suuza kwa maji hayohayo bila sabuni, zisimamishe kwenye kichanja cha vyombo zikauke zenyewe.

Zikikauka usizirudishe kwenye karatasi za zamani. Kila unapochomoa, karatasi inasugua. Tafuta mifuko ya ndani ya poliethilini. Kabla ya kupiga, tumia brashi ya nyuzi za kaboni, uishike penye chuma ili umeme upitie mkononi mwako.

Mwana Ngamiani
Shikamoo mzee. Nimeosha 20 tangu Jumamosi. Mpira nimekata kwenye tyubu ya baiskeli ya zamani, nikaunganisha vipande. Jana nimesikia ganuni yote mpaka mwisho, hata pale baba alipopenda kufumba macho. Nimelia. Kuna mbili nzito za bibi, za mizunguko 78. Nazo niziloweshe?

Fundi wa Redio
Marahaba. Hizo si plastiki, ni sheleki, aina ya utomvu mgumu, na makelele yake mengi ni uchakavu. Kitambaa chenye unyevu mdogo wa maji yaleyale, zikauke haraka. Spiriti usiisogeze kabisa, inayeyusha sheleki. Na usizipige kwa sindano ya 45: mistari yake ni mipana, inataka sindano yake. Hiyo tyubu nayo ipime kwa rula, unene wake usipokuwa sawa kote santuri itayumba.